Nilivyomfanya Mama Mkubwa Mteja

Neno "mteja" linanitia kinyaa. Nikilisikia redioni nazima redio. Nikikaribishwa dukani kwa neno hilo naondoka bila kununua, hata kama nilitumwa sukari na nyumbani hakuna hata ya kuonja. Mke wangu anasema hayo ni maradhi. Huenda ni kweli, lakini maradhi hayo niliyalipia karo mihula minne, na hakuna aliyenilazimisha.

Nilikuwa karani katika ofisi ya kutolea watu mizigo bandarini. Nina meza, nina feni inayogeuka upande mmoja tu, nina bosi aliyenizidi shahada moja na kiyoyozi kimoja. Nikajiambia nami nikipata shahada ya uzamili nitahamia chumba cha baridi. Nikajiandikisha kusomea fedha na mipango ya fedha za watu binafsi, kila Ijumaa jioni na Jumamosi kutwa. Kwenye baraza yetu ya Mji wa Kale waliponiuliza nasomea nini, nikawaeleza kwamba nasomea jinsi mtu anavyofaa kupanga pesa zake. Mzee mmoja akacheka mpaka kahawa ikammwagikia kanzuni. "Si uwe nazo kwanza, mwanangu?" akasema. Nilimwona hana elimu. Leo ningemwomba radhi.

Darasa letu lilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya mkahawa unaokaanga viazi vya karai, na mafuta yale nadhani hayakuwa yakibadilishwa ila kwa bahati mbaya. Harufu ilipanda ngazi, ikaingia kwenye zulia, ikakaa. Mwalimu wetu wa somo la mipango alikuwa mtu mmoja nadhifu sana, mwenye tabia ya kuchokonoa meno kwa kijiti, kisha kukitumia kijiti hicho hicho kutuonyeshea maneno ubaoni. Mwezi wa kwanza nilikuwa nakiangalia kijiti. Mwezi wa pili nilikuwa nasikiliza maneno, na hapo ndipo nilipoharibika.

"Mtu mwenye raha hanunui mpango," alitufundisha. Akaandika ubaoni: kifo, talaka, kustaafu, mtoto wa kwanza. "Hii ni milango. Mlango ukifunguka, unaingia kabla haujafungwa. Mtu aliyefiwa, wiki za mwanzo, hakatai kitu. Anataka mtu amwambie la kufanya." Tulikuwa watu kumi na wawili mle ndani, watu wazima, wenye wazazi na watoto. Tuliinamia madaftari tukaandika. Mimi nilipigia mstari, tena miwili.

Somo hilo lilifadhiliwa na kampuni moja ya bima na uwekezaji. Wao ndio walioleta soda, kalamu, na fomu. Fomu zilikuwa za zoezi la mwisho, ambalo bila kulifanya mtu hafuzu: kila mwanafunzi atafute mteja wa kweli, amtengenezee mpango wa fedha wa kweli, na mteja atie sahihi. Mwalimu alisema ni mazoezi tu. Lakini mtu akiisoma ile fomu, nami niliisoma, alikuwa anaona wazi kwamba fomu haikujua habari ya mazoezi. Ilikuwa mkataba wenye kurasa kumi na moja.

Muhula huo huo mume wa mama mkubwa akafariki. Huyu mama mkubwa ni dada ya mama yangu, na ndiye aliyenilea tangu nina miaka minne, mama alipokwenda Uarabuni kufanya kazi. Yeye na mumewe hawakujaaliwa watoto. Mtoto wao nilikuwa mimi, katika nyumba yao ya mawe iliyo kichochoroni nyuma ya Ndia Kuu, yenye ngazi za mbao ambazo mpaka leo najua ipi inalia na ipi hailii. Mumewe alikuwa dereva wa winchi bandarini maisha yake yote. Aliamka alfajiri kwenda kutawadha, akaanguka, na baada ya swala ya adhuhuri tulikuwa tumeshamzika.

Nikatuma ujumbe kwenye kundi la darasa kwamba Jumamosi sitafika. Mwalimu akanipigia simu. Nilishukuru, nikamwona mwungwana.

"Pole sana, pole sana. Marehemu alikuwa akifanya kazi wapi?"

"Bandarini."

"Na amebaki nani?"

"Mkewe."

"Watoto?"

"Hawana."

"Oo," akasema, kwa sauti ya mtu aliyesogezewa sahani ya biriani. Udongo wa kaburi ulikuwa bado umo kwenye kucha zangu. Sikuikata simu. Nilipaswa kuikata, nami nikabaki nayo sikioni nikimsikiliza akinieleza habari za kiinua mgongo.

Mama mkubwa akakaa eda. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki ila kwa dharura, hajipaki manukato wala hina, na mwanamume asiyekuwa maharimu wake, yaani anayeweza kumwoa, haingii alipo. Hata ndugu za mumewe walikuwa wakija wanasimama ukumbini, wanazungumza naye pazia limeteremshwa. Mimi mtoto wa dada yake napita. Na katika nyumba zetu kuna desturi ambayo hakuna aliyeiandika popote: jamaa wanamchagua mwanamume mmoja awe wa kuingiza na kutoa karatasi za mjane. Cheti cha kifo, barua ya mahakama ya kadhi, benki, stima, ofisi ya marehemu. Mjane haulizi. Anaonyeshwa pa kutia sahihi, anatia. Hiyo si ujinga. Ni namna ya kumpumzisha, kwamba huzuni yake peke yake inamtosha. Nilichaguliwa mimi, na hapana aliyefikiria mara mbili.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuieleza desturi hii darasani. Sijui nilitaka nini. Nadhani nilitaka kuonekana. Mwalimu akakitoa kijiti mdomoni.

"Mnasikia? Wakala wa kampuni hawezi kuingia kwenye nyumba ile hata akivaa kanzu tatu. Mwenzenu huyu ndiye ufunguo." Akapiga makofi, na wengine wakapiga.

Hakupiga mmoja. Alikuwa mama mmoja wa bara, Mkristo, mfanyakazi wa reli, aliyekuwa akikaa kiti cha nyuma kwa sababu ya mgongo wake. "Mwalimu," akasema, "huyo mama hata arubaini hajamaliza. Mtu aende kwake na fomu kweli?" Mwalimu akamwambia kwamba hisia ni gharama. Yule mama akasema basi yeye mteja wa namna hiyo hatamtafuta, na kweli hakumtafuta, akaandikiwa kwamba somo hajalikamilisha, akalirudia mwaka uliofuata kwa karo yake mwenyewe. Sisi kumi na mmoja tulimwona mshamba.

Nilikwenda Jumatatu baada ya kazi. Nilikuwa na karatasi za kadhi, karatasi za ofisi ya marehemu zinazouliza kiinua mgongo kipelekwe wapi, na katikati yake nikatia fomu ya kampuni. Narudia: nikatia katikati. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Mkono ulijua wenyewe.

"Ndoo ukae, mwanangu," akaniita. Alikuwa amevaa kanga za kufifia, amekonda uso. "Washakupa chai huko tini?"

"Nimekunywa, mama. Nimekuja na zile karatasi."

"Nyingi leo."

"Nyingi kidogo."

"Nionyesha pa kutia. Mato yangu siku hizi siyaamini."

Nikamwonyesha. Alitia sahihi moja moja, polepole, kwa ule mwandiko wa madrasa, akipumzika baina ya karatasi. Kwenye ukurasa wa tatu wa fomu palikuwa na swali: malengo ya mteja ni yapi? Hilo ndilo swali kuu la taaluma yetu nzima. Tulifundishwa muhula mzima kwamba mpangaji asiyeuliza swali hilo ni mganga wa kubahatisha. Lakini kwetu mjane wa eda hazungumzwi mambo ya mali na mustakabali, ni utovu wa adabu, hayo yanangoja. Basi mimi, ambaye sikuona utovu wa adabu kumchukulia pesa zake, nikaona utovu wa adabu kumuuliza anazitakia nini. Nikajaza mwenyewe usiku nyumbani kwangu Tudor, nikinakili kutoka kwenye mfano tuliopewa: "Kustaafu kwa starehe na kusafiri." Mama mkubwa hajawahi kuvuka Mtwapa, hapo nje ya mji tu.

Nilipata alama za juu kuliko wote. Mwalimu aliisoma kazi yangu mbele ya darasa, akimwita mama mkubwa "mteja mgumu kufikiwa." Kulikuwa na sambusa siku hiyo, nikala nne.

Ofisi za watu hukawia miaka kulipa, kila mtu analia. Ile mara moja tu, sijui kwa nini, wakalipa upesi, na wakalipa pale karatasi ilipowaelekeza. Nami nikaendelea na mambo yangu mpaka jioni moja nilipokuwa nimempelekea mama mkubwa dawa zake za presha, na shemeji yake, mdogo wa marehemu, akaja akasimama ukumbini nyuma ya pazia. Akasalimu kwa urefu, akauliza hali, akauliza usingizi, akauliza chakula. Kisha akakohoa.

"Shemeji, niwie radhi kukutajia haya mapema. Mwenye duka la vinyago pale Ndia Kuu yuwaitaka nyumba. Yuwataka kuifanya ghala. Ndugu zangu wamekwisha kumpa nusu ya neno. Miye nimewaambia hapana, huyu mama atoke ende wapi? Basi tumekubaliana, ukitununua mafungu yetu ya mirathi kabla ya eda kwisha, nyumba ni yako, na bei ni ya ndugu."

"Allah akujazi kheri," akasema mama mkubwa. "Nalikuwa nikilingoja neno hilo. Pesa za marehemu zaja, na hizo ndizo nilizoziwekea nia. Mwanangu huyu hapa ndiye mwenye karatasi zake."

Shemeji akaaga. Mimi nilikuwa nimeshika chupa ya dawa. Nilitamani kutapika, na si maneno ya kupamba habari: nilitoka, nikaenda msalani, nikatapika, nikanawa uso, nikarudi.

"Mama, zile pesa zimeshatoka."

"Alhamdulillahi. Ziko benki?"

"Hapana. Zimefungwa. Kwenye kampuni. Miaka kumi."

Aliniangalia kama hajasikia. "Nani alozifunga?"

"Ulitia sahihi, mama."

"Nalitia sahihi karatasi zako," akasema.

Angepiga kelele ningejitetea. Nilikuwa na hoja zangu, mtu aliyesoma hakosi hoja.

Kesho yake nilimwendea mwalimu. Alinisikiliza, kijiti mdomoni, kisha akanieleza kwamba wateja hupitia kipindi cha majuto na kwamba mwaka wa kumi atanishukuru. Nilimwambia mwaka wa kumi atakuwa hana nyumba. Akasema kupanga ni sehemu ya mpango. Nikamuuliza kama yeye ana mama. Akacheka, akanipa kalamu ya kampuni, mpya, ndani ya kisanduku. Niliipokea! Nilifika nayo mpaka chini kwenye viazi ndipo nikaitupa ndani ya pipa la maganda, na hata ushujaa huo ulikuwa mdogo na wa kuchekesha.

Aliyenisaidia ni yule mama wa reli. Nilimpigia kwa kuwa sikuwa na mwingine ambaye ningeweza kumtazama usoni. Alinikuta sebuleni kwangu Tudor, akaomba mkataba, akavaa miwani. Alisoma kurasa zote kumi na moja bila kugusa chai. Kisha akaweka kidole. "Hapa ukurasa wa tisa. Mteja anaweza kughairi ndani ya siku thelathini tangu alipotia sahihi. Leo ni ya ngapi?"

Tukahesabu. Ilikuwa ya ishirini na nane.

"Lakini afike mwenyewe ofisini kwao," akasema. "Si wewe. Si mtu mwingine. Mwenyewe na kitambulisho." Akavua miwani. "Na wewe ulijua mjane wa eda hatoki."

Nikaiondoa chai yake iliyopoa. Alijua jibu.

Nilipomweleza mama mkubwa, hakuniuliza mimi hukumu ya kutoka. Alimtuma jirani kwa mwalimu wake wa madrasa, bibi mmoja mwenye elimu, na jibu likarudi kwamba dharura ni dharura, atoke mchana na arudi kabla ya magharibi. Kwa sheria ikawa hakuna shida. Lakini kichochoro chetu hakisomi sheria. Kichochoro kina madirisha. Asubuhi ile alishuka ngazi na buibui lake la zamani lisilo hata uzi wa urembo, na kutoka mlangoni mpaka palipokuwa na tuktuk, hatua kama sitini hivi, niliona mapazia yakisogea kila upande. Mjane wa eda, barabarani, pamoja na yule kijana msomi. Mwanamke mmoja akauliza kwa sauti, akijifanya anamuuliza mwenziwe: "Kwani siku zishatimia?" Mama mkubwa akaendelea kutembea.

Ofisi ya kampuni ilikuwa na kimashine ukutani cha kunyunyiza manukato, kinachopuliza chenyewe kila baada ya dakika chache. Alipokisikia akainuka kwenye kiti cha kochi, akatoka nje kwenye korido, akakaa juu ya sanduku la maji ya kunywa. Saa mbili alikaa pale. Wafanyakazi walimpita wakidhani ni msafishaji mgeni. Hatimaye akaja kijana wa suti, mwenye adabu ya kukaririshwa, akamwambia pole, akamweleza habari za faida, na neno halali alilitia kila sentensi, kama mpishi asiyejua chumvi kiasi gani inatosha. Mama mkubwa akamwacha amalize.

"Baba," akamwambia, "nataka pesa za mume wangu."

Kijana akamletea zawadi ili afikirie tena. Ilikuwa mwavuli, mkubwa, wenye jina la kampuni kila upande. Akauweka miguuni pake, na mama mkubwa akausogeza kwa kidole cha mguu, taratibu, kama mtu anayesogeza panya aliyekufa, akatia sahihi karatasi ya kughairi. Safari hii aliisoma. Herufi moja moja, midomo ikisogea, watu wakingoja. Nilijitolea kumsomea, hata hakugeuza shingo.

Pesa zilirudi. Hazikurudi zote, walikata ada ya kufungua na ada ya kufunga, yaani walijilipa kwa taabu waliyompa. Upungufu huo mama mkubwa aliujaza kwa bangili zake za harusi, nne, alizoziuza kwa sonara kupitia kwa jirani. Nilisema nitalipa mimi. Akaniambia, "Weka pesa zako, utazitumia skuli." Mafungu ya shemeji yakanunuliwa eda ikiwa imebaki na siku chache, na mwenye vinyago akatafuta ghala kwengine.

Nami? Ningeweza kwenda chuoni nikasema kazi ile ifutwe, alama zile ziondolewe, nirudie somo pamoja na yule mama wa reli. Nililifikiria wiki nzima. Kisha nikaangalia karo ya kurudia, nikaangalia feni ya ofisini, nikanyamaza. Nilivaa joho, nikapigwa picha. Katika wote niliowachukia katika habari hii, mwalimu na kijiti chake, kampuni na mwavuli wake, huyu wa kwenye picha ndiye ninayeshindwa kumtazama zaidi. Ana uso wa mtu aliyeshiba.

Siku mama mkubwa alipotoka eda nyumba ilijaa wanawake, nikakaa barazani na wanaume. Kesho yake asubuhi nikaenda peke yangu. Sikupiga hodi, sijawahi kupiga hodi katika nyumba ile. Nilipanda ngazi, nikasukuma mlango wa chumba chake. Alikuwa kitini karibu na dirisha, amefungua nywele, anazichana. Zilikuwa zimeota mvi nyingi miezi ile. Mwanamke hana haja ya kumfichia nywele mtoto wa dada yake, na mimi nywele zile nimezisuka kwa vidole vyangu nikiwa mdogo, nikichezea.

Akaniona. Akaweka chanuo chini, akavuta kanga iliyokuwa mgongoni mwa kiti, akajifunika kichwa, akaileta mpaka usoni, akaishika pindo kwa mkono yakabaki macho tu. Alifanya bila haraka, na bila hasira. Akahakikisha hakuna unywele uliobaki nje.

"Karibu, bwana," akasema.